Stovu ya Mama na Ngozi ya Mama Hawa

Enzi zetu sisi watoto wa kijiji cha Hewani, mafuriko hayakutangazwa kwenye simu. Ulijua mto Tana unakuja ukiona siafu wanapanda ukutani na wazee wanahamisha mbegu. Sisi tulifurahi, maana shule ilifungwa, tukashinda kwenye mashamba ya mpunga yaliyojaa maji tukitega kambare kwa vyandarua vikuukuu. Mama alitupigia kelele kutoka mbali: "Tokeni humo! Mamba hana likizo!"

Mwaka mmoja maji yalikuja kwa hasira. Tukakimbilia ardhi ya juu, mbali na mto, tukiwa na mikeka, gunia la mchele, kuku na stovu ya pampu ya Mama. Ilikuwa ya shaba, na Mama aliisugua kwa jivu na ndimu mpaka unajiona uso. Watoto wetu wa leo, ambao chai kwao ni kubonyeza swichi, hawalijui jasho la kupiga pampu hadi moto ugeuke buluu na kuanza kunguruma. Wala hawajaonja chapati yenye harufu ya mafuta ya taa. Sisi tulikula tukaramba vidole.

Hatujakaa sana kule juu, stovu ikagoma. Mama alipiga pampu, fimbo ikaingia na kutoka bila kushika upepo wowote. Akaifungua. Ile wosha ya ngozi iliyo mwisho wa fimbo, inayosukuma upepo ndani ya tangi, ilikuwa imekauka na kupasuka vipande. Kuni zote zilikuwa zimelowa, zinatoa moshi mtupu. Na mdogo wangu Komora alikuwa anaharisha, midomo imemkauka, analia bila machozi. Maji tuliyokuwa nayo yalikuwa ya tope, yasiyonyweka bila kuchemshwa.

"Iache," Baba alisema. "Maji yakishuka nitaipeleka Garsen kwa fundi."

"Maji yakishuka, mtoto atakuwa wapi?" Mama akamuuliza.

Mama akachukua ndara yake iliyokatika, akakata kiduara cha mpira kwa wembe, akakifunga kwenye fimbo. Upepo ulishika kidogo, tukashangilia, kisha mpira ukavimba kwa mafuta na fimbo ikakwama. Akauchomoa, akakata mwingine mdogo zaidi. Nao ukakwama. Vidole vyake vilikuwa vyeusi na kimoja kinatoka damu. Nilimwona akimtazama Komora, kisha akajifuta mikono na kusimama.

Karibu nasi walikuwa Waorma waliohamisha ng'ombe wao juu kabla yetu. Mama alizoea kubadilishana nao mchele kwa maziwa, lakini alikuwa hajapata kuingia nyumbani kwao. Siku hiyo alibeba fimbo ya pampu mkononi, mimi nyuma yake, mpaka kwa mama mmoja tuliyemjua kwa jina la Mama Hawa. Alitupokea mlangoni, Mama akamweleza habari ya stovu na ya mtoto anayeharisha, naye akaishika ile fimbo, akainusa.

"Mpira hapana weza," akasema. "Hii nataka ngozi."

Akaingia ndani, akatoka na kipande cha ngozi ya ng'ombe na kibuyu kidogo cha samli. "Ngozi ya shingo, gumu. Tia samli, ngoja, lainika. Mtoto nani gonjwa?"

"Komora, wa mwisho," Mama akasema.

Mama Hawa akajitanda shuka yake, akafuatana nasi. Mama alipima ngozi kwa kizibo cha chupa, akaikata. Wakaiacha ndani ya samli, wakaikanda kwa zamu, wakaisukuma kwa kijiti ndani ya bomba mpaka ikajikunja kama kikombe. Mama akafunga, akawasha kitambaa chenye mafuta kupasha kichwa cha stovu, akapiga pampu. Safari hii mkono wake ulikuta ukinzani. Moto ukaruka wa manjano, ukatulia, ukawa buluu, ukanguruma.

Mama Hawa alicheka kwa sauti, akapiga makofi. Mama hakucheka. Aliteleka sufuria ya maji, akaketi kuilinda mpaka ikatokota.

Komora alikunywa uji mwepesi jioni ile, na kesho yake akaomba wali. Mpaka mto uliporudi mahali pake, maziwa ya watoto wa Mama Hawa na mchele wetu vilipikwa kwenye stovu ile ile, mmoja akingoja mwenzake amalize. Komora leo ana ndevu na watoto, na stovu ikiharibika kwake hununua nyingine kabla hajaangalia ina nini.

Mimi napikia gesi hapa Garsen. Juzi iliniishia wali ukiwa nusu kuiva. Nikasimama jikoni nikimpigia simu mwenye duka, naye hashiki. Nyuma ya ukuta nilisikia kitunguu cha jirani kikikaangwa. Nilikwenda hadi mlangoni mwangu kumwita, nikakumbuka kwamba silijui jina lake.