Nilidhani nusu kaputi ni nusu ya dawa

Assalaam aleikum wakuu. Mimi mzee wa Faza, umri huu sina cha kupata kwa kudanganya. Haya yalinitokea.

Binti yangu Mwanaesha alikuwa na mimba ya kwanza. Mtoto akakaa vibaya tumboni, tukavuka kwa boti hadi hospitali moja kisiwani Amu. Mumewe alikuwa kazini mbali, basi msemaji nikawa mimi.

Daktari akasema atapasuliwa, ila hakuna dharura, achague mwenyewe: sindano ya mgongo abaki macho bila kusikia maumivu, ama nusu kaputi.

Mwanaesha hakufikiri mara mbili. "Ya mgongo. Nataka kumsikia mwanangu akilia."

Nikadakia. Jirani yetu Bi Rukia alidungwa mgongoni, na tangu hapo hatuna raha na kiuno chake.

Halafu, wakuu, nina kidato cha nne, lakini nilidhani nusu kaputi ni nusu ya dawa. Usingizi mwepesi tu.

"Mpe hiyo nusu," nikasema. "Nzima ya nini?"

Nesi akacheka. "Mzee, hiyo nusu ndiyo humlaza mtu kabisa! Na mtoto naye huweza kupata sehemu yake."

Hapo ndipo nilipopaswa kunyamaza. Nikaona haya kurudi nyuma mbele ya watu.

"Basi na alale. Mgongo wa mwanangu haudungwi."

Daktari akamgeukia Mwanaesha. Binti akainamisha kichwa. "Kama alivyosema baba."

Nikangoja nje ya thieta, nimejiandaa kuadhini. Sikusikia kilio cha mtoto.

Mtoto alitoka mlegevu, hapumui sawasawa. Wakampulizia hewa kwa barakoa mpaka akaguna, wakampeleka kwenye oksijeni. Nilimwadhinia sikioni, hakutikisika.

Mwanaesha alipozinduka aliuliza, "Alilia?"

"Alilia," nikasema.

Nesi aliyekuwa akimfunika shuka akanitazama. Mwanaesha akamwona.

Alhamdulillahi, mtoto alipona, leo anakimbia. Daktari alinieleza kuwa watoto wengi waliolegezwa na dawa huamka wakisaidiwa mapema, na wakati mwingine nusu kaputi ndiyo inayookoa. Siku ile haikulazimu. Ilikuwa ubishi wangu.

Siku hizi nikiomba chai nusu kikombe, Mwanaesha hunijazia hadi imwagike sahanini.

Wakuu, muulizeni daktari yote, kisha mwacheni mwenye tumbo ajibu. Na mwenye la kunipasha anipashe hapa. Nyumbani hawaniambii kitu tena.