Kwenda na Kurudi ni Moja

Kuelewa jinsi chembe za maada zinavyotetemeka kulinigharimu mwalimu mmoja. Nimehesabu mara mbili, kama ilivyo desturi yangu, na jumla haibadiliki: mwalimu mmoja, na chenji sikurudishiwa.

Nilikuwa nimeshasahau, au tuseme nilijifanya nimesahau, mpaka mwezi uliopita nilipopita Mlabani, mtaa niliokulia, kutafuta mchele. Nje ya mashine ya kukoboa nikakuta kinu cha marehemu bibi yangu kimefudikizwa, mwenye mashine amekikalia. Nilikijua kwa ufa wake wa pembeni.

"Shikamoo mama. Hicho kiti mnauza?"

"Marahaba. Kiti kipi? Hiki kinu, baba. Umekuja kununua mchele au fanicha?"

"Vyote, ukinipunguzia."

"Nipunguze nini, na bei sijataja!"

Ndugu yangu, zamani mtaa ule ulikuwa na sauti. Mashine zilikuwepo, lakini bibi alisema mchele wa mashine unakatikakatika na hauna ladha. Kwa hiyo jioni vinu vililia nyumba kwa nyumba, vumbi la pumba likitukaa kwenye kope, harufu ya mpunga mpya ikichanganyika na ya kambale wanaokaushwa. Nikitoka kisimani na ndoo kichwani, nilijua nani anatwanga bila kumwona. Bibi alikuwa na mchi mzito, mdundo wake wa taratibu. Jirani yetu alikuwa na mchi mwembamba, alidunda harakaharaka kama mtu anayefukuzwa.

Shuleni, kidato cha pili, tulifundishwa fizikia kwa Kiingereza ambacho hatukukijua. Tuliimba "osileshoni" na "frikwensi" kama majina ya dawa za minyoo. Kuongea Kiswahili lilikuwa kosa. Aliyekamatwa alivikwa shingoni kibao cha mbao, na njia ya kukivua ilikuwa moja: umsikie mwingine akiongea Kiswahili, umtaje, akivae yeye. Asiyekuwa na wa kumtaja alifyeka majani ya uwanja. Mimi nilikuwa nimekivaa siku tatu, viganja vimejaa malengelenge.

Siku hiyo ya tatu mwalimu wetu wa fizikia alitutazama tunavyoimba, akafunga daftari lake, akafunga na mlango. Akanituma kwa bibi nikaazime kinu na mchi.

"Twanga," aliniambia nilipofika, kwa Kiswahili kabisa. "Wengine hesabuni."

Nikatwanga, nikahesabu mwenyewe kwa sauti hadi ishirini.

"Kumi," alisema.

"Mwalimu, nimepandisha kumi, nimeshusha kumi. Ishirini."

"Wewe utakuja kuwapunja watu sokoni. Kwenda na kurudi ni moja."

Darasa likacheka. Akaendelea: huko kwenda na kurudi palepale ndiyo osileshoni, na idadi ya safari kamili katika sekunde moja ndiyo frikwensi. Chembe za mti wa kinu hiki, alisema, hazihami lakini hazitulii. Kila moja inacheza mahali pake, matrilioni ya safari kwa sekunde, na ukiipasha moto inacheza kwa nguvu zaidi. Ndani ya molekuli ya maji, atomu mbili nyepesi za haidrojeni zimeshikana na oksijeni nzito kama kwa springi, zinavutika na kuachia. Springi ikikaza, mwendo ni wa haraka. Chembe ikiwa nzito, mwendo hupungua.

Nikanyoosha mkono. "Kama mchi wa bibi na wa jirani?"

Alinitazama kana kwamba nimemletea maji ya kunywa. "Ndivyo hasa. Na unavyomjua mtwangaji kwa mdundo wake, ndivyo wataalamu wanavyoijua molekuli wasiyoiona. Wanaimulika kwa mwanga usioonekana kwa macho, nayo inameza ule tu unaolingana na mdundo wake."

Kwa mara ya kwanza na ya mwisho, darasa zima lilielewa kitu.

Mchana mstarini, mwalimu mkuu akauliza nimemsikia nani akiongea Kiswahili. Niliyatazama majani ya uwanja. Nikapiga hesabu, nikairudia: mwanafunzi nikimtaja atanisubiri njiani, mwalimu havikwi kibao, kwa hiyo haumii mtu.

"Mwalimu wa fizikia," nikasema. "Kipindi kizima."

Wenzangu walicheka hadi wakainama. Nikaona nimefanya biashara nzuri. Mwalimu mkuu hakucheka.

Barua ya uhamisho ilifika kabla hatujavuna. Mwalimu alipita nyumbani kurudisha mchi uliokuwa umebaki darasani. Bibi, ambaye hakujua lolote, akamfungia mchele.

"Lakini utarudi, mwalimu?"

"Nitarudi, bibi. Kwenda na kurudi ni moja." Alisema huku akinitazama mimi. Nilikuwa na la kusema. Badala yake nikaanza kuhesabu kuku.

Baada ya hapo fizikia tuliinakili tu kitabuni, na mtihani ukatuhesabu inavyostahili. Mimi nikaondoka, nikaingia kwenye biashara ya mchele. Bibi alifariki, jirani alihamia kwa mwanawe Idete, vinu vikawa viti. Sasa mtaani unasikia mashine tu, inanguruma kutwa, na huwezi kusema ni nani.

Kinu nimekinunua bila kupunguziwa, mara ya kwanza maishani. Nilipokuwa nakipakia, mwenye mashine akaguna.

"Yule mzee wa Mlimba atasikitika. Mwalimu mstaafu. Kila akija hospitali hupita hapa, anakigusa, anauliza yuko wapi yule mjukuu aliyehesabu ishirini. Unamjua?"

"Simjui," nikasema.

Kumbe alirudi, na si mara moja. Aliyekwenda bila kurudi ni mimi. Tangu siku ile nimefika stesheni kupanda treni ya Mlimba mara mbili, na mara mbili nimegeuza. Wewe uliyesoma, nishauri: nikifika mlangoni kwake, baada ya shikamoo, neno la pili nilianze kwa lugha gani?