Kadi za Fundi Msumari

Mwaka wa 1996, kabla ya mvua za Aprili, jina la Fundi Msumari liliacha kusikika redioni. Watu wa soko la Nyaramba hawakulitilia maanani mwanzoni. Wasioisikia kadi yake ya mwisho walidhani kadi zimemwishia. Majuma yakapita. Saa kumi alasiri mtangazaji alisoma salamu za watu wa Bungoma, wa Voi, wa Molo, na hakuna aliyetoka Nyaramba. Kisha kibanda chake sokoni kikabaki miti minne na vipande vya ngozi vilivyokunjamana juani.

Jina lake hasa ni Nyasani. Alikuwa fundi wa viatu, mfupi, asiyeoa, mwenye tabia ya kubana misumari midomoni akifanya kazi, na kwa sababu hiyo alisema machache. Redioni alikuwa mtu mwingine. Kwa miaka minane alituma kadi za salamu kila juma, na mtangazaji alipomfikia alivuta jina lake kama anayemwita mtu ng'ambo ya bonde: Funndi Msumaari! Wateja wakicheka, yeye aliinamia kiatu, masikio yamemsimama.

Kadi alizinunua Kisii mjini, dukani kwa Haresh, alikokwenda kutafuta ngozi na gundi.

"Nyasani, wewe unazila hizi kadi kama mkate," Haresh alimwambia siku moja. "Nani Kenya hii hujamsalimu bado? Mimi?"

"Wewe nilikusalimu Januari, Bwana Haresh. Hukusikiliza."

Alikuwa na kanuni zake. Hati iwe kubwa. Majina yasizidi kumi. Na kila mtu ataje alipo na kazi afanyayo: Ombui wa kinu cha posho, Mama Nyangate wa ndizi, mwalimu Mokua aliyehamishiwa Keroka. Watu wenye majina hayo walikuwa wengi mno. Mtu aliyetajwa bila mahali pake, Nyasani aliamini, hajatajwa.

Mwezi wa Februari dadake mdogo, Mokeira, alimtoroka mumewe. Mume huyo, Mogire, aliishi Kiogoro. Alikuwa amemvunja Mokeira mkono mara mbili, na mara ya pili mkono uliunga vibaya. Mokeira aliondoka asubuhi kama anayekwenda kisimani, amembeba binti yake Nyamusi, wa miaka minne, akapata kazi ya kukamua ng'ombe katika shamba moja huko Nyansiongo. Hakumwambia mama yao. Alimwambia Nyasani peke yake, kwa kuwa Nyasani hakuwa mtu wa maneno.

Haukupita mwezi, Nyasani akakaa na kadi mpya magotini. Aliwaandika watu tisa. Nafasi ya kumi ilikuwa wazi. Alimfikiria dadake kule peke yake, kati ya watu wasiomjua, akiinama chini ya ng'ombe. Akaandika: na Mokeira, mkamuaji, Nyansiongo. Kadi akaiposti siku hiyohiyo.

Jumapili alipanda lori la maziwa kwenda kumwona. Nyamusi alikuwa akimfukuza ndama uani. Nyasani aliketi juu ya debe na kutoa habari njema.

"Juma lijalo fungua redio. Utasikia jina lako."

Mokeira aliweka ndoo chini. "Jina langu lipi?"

"Lako. Na la Nyansiongo."

"Umetaja Nyansiongo?"

"Sasa wangejuaje ni wewe?"

"Ndugu yangu," Mokeira alisema polepole, "ni nani hasa uliyetaka ajue ni mimi?"

Mokeira alimwita Nyamusi ndani ingawa jua lilikuwa bado kali. Mogire alikuwa amelipa ng'ombe wote wa mahari, na kwa mila mtoto ni wa aliyelipa. Akijua walipo, hangehitaji kupigana na mtu. Angekuja tu kumchukua.

Jumatatu Nyasani alikuwa posta kabla haijafunguliwa. Mfanyakazi alimwambia mfuko wa Nairobi ulikwisha kuondoka. Akaenda kwa Haresh na kumweleza yote.

"Andika barua," Haresh alisema. "Tia ndani ya bahasha, funga vizuri, waambie wasiisome hiyo kadi."

"Barua wanatupa, Bwana Haresh. Zinaletwa magunia kwa magunia. Kadi ndiyo wanasoma."

"Kadi inasomwa na kila mtu, wewe!"

"Inasomwa na mtangazaji. Ananijua."

Aliamini hivyo kweli. Miaka minane mtu alikuwa amemwita kwa jina kila juma. Akilini mwa Nyasani mtu huyo alikuwa rafiki. Akanunua kadi moja. Mahali pa majina hakuandika jina. Mahali pa ujumbe aliandika kwa hati yake kubwa: Tafadhali kadi yangu ya kwanza usisome, dadangu Mokeira amejificha Nyansiongo na mtoto, mume asijue.

Siku nane alifanya kazi redio ikiwa sikioni. Kadi ya kwanza haikusomwa siku hizo, wala haikusomwa baadaye. Huenda ilipotea. Siku ya tisa, mbele ya wateja wanne, jina lake liliitwa, na mtangazaji, ambaye kazi yake ilikuwa kusoma kadi, akaisoma ya pili. Aliisoma haraka kama alivyosoma zote. Alipofika kwenye neno mume sauti ilisita. Kikafuata kicheko kifupi, kisha wimbo.

Mteja mmoja alichukua kiatu chake kabla hakijamalizika.

Mogire hakuwa na redio. Majirani walimpelekea habari kabla giza halijaingia. Alifika Nyansiongo siku ya tatu pamoja na baba zake wadogo wawili, na hakumgusa Mokeira. Wazee wa pande mbili walikaa, wakauliza swali moja: ng'ombe walifika? Walifika. Nyamusi alivalishwa sweta na kupelekwa Kiogoro.

Nyasani alikwenda kumwomba dadake radhi. Alimkuta akikamua, na hakuacha kukamua.

"Sikulaumu. Ila usinitaje tena. Hata kanisani ukiombea watu, usinitaje."

Mokeira hakuruhusiwa kukanyaga Kiogoro. Mjomba hakukatazwa. Mwezi wa Mei Nyasani alifungasha nyundo, sindano na kalibu za kuundia viatu, akaondoka Nyaramba bila kumuaga mtu.

Sasa ni mwaka wa 1999, na Nyasani yuko Kiogoro. Kibanda chake kinatazamana na lango la shule ya msingi. Nyamusi yuko darasa la kwanza.