Doa la Utomvu

Fundi wa mtaa wa Kibeta hushona mablanketi ya viraka sebuleni kwake, pini zikiwa zimebanwa midomoni, na kila kitambaa hukipapasa kwa kidole gumba kabla ya kukikata. Akikasirika hapandishi sauti. Huzitoa pini moja moja, akazichomeka kwenye ukosi wa gauni lake, ili apate kusema. Siku Magdalena alipomletea vitenge vya marehemu mama yake kutoka Muleba, awashonee yeye na ndugu zake blanketi la kumbukumbu, pini zilitoka zote.

“Mama fundi, hiki kitupe,” Magdalena alisema, akisukuma kando kitenge kilichochakaa, chenye madoa meusi ya utomvu wa migomba. “Wageni watatuonaje? Tumia hivi vipya.”

Fundi akavipapasa hivyo vipya. Vilikuwa vikavu, havijawahi kuona maji.

“Mama yako alivivaa lini?”

“Alikuwa anavitunza tu.”

“Na kibanjani, kule kwenye migomba, alipokuwa akiwakatia ndizi mkala mkakua, alivaa kipi?”

Macho ya Magdalena yakarudi kwenye kile chenye madoa. Fundi akavikunja vile vipya vyote, akamrudishia mapajani.

“Hivi kavae wewe,” akasema, akikivuta kile kilichochakaa pamoja na mkasi. “Mama yako ni huyu uliyetaka nimtupe.”