Uzi Uliojikunja Damuni mwa Joram

Joram Obiero alikuwa fundi wa mashua pale Dunga, kando ya ziwa, na kama kulikuwa na kitu alichokipenda kuliko mashua, basi ni kuwa na haki. Mvuvi akija kulalamika kwamba mashua inavuja, Joram alimuuliza kwanza aliigongesha wapi. Kosa halikuwahi kulala kwake. Lilitafutiwa mwenyewe kabla jua halijatua.

Ndivyo kosa la Byron lilivyotafutiwa mwenyewe pia. Byron ni mjukuu wake, mtoto wa bintiye Akello aliyeolewa Asembo Bay. Mamake Akello alipougua, Akello alikuja kumuuguza akiwa mjamzito, akamlisha, akampangusa, na uchungu ukamshika kabla ya wakati humo humo nyumbani. Kwa wazee wa kwao, binti aliyeolewa hazai katika boma la babake. Akizaa, ameleta chira, yaani laana inayomwandama mvunja mwiko. Wakati ule hakuna aliyesema neno, maana mgonjwa alihitaji mtu wa kumgeuza kitandani. Lakini Byron alifika umri wa kusema na hakusema. Hakumtazama mtu machoni, alipunga viganja hewani, aliziba masikio watu wakicheka. Siku ya kumkumbuka mamake Akello, ambaye hakupona, ukoo mzima ukiwa umekaa chini ya hema, Joram alisimama akamwambia binti yake kwamba ameharibu kizazi, na asikanyage tena boma lile. Odongo, nduguye Joram, akaitikia kwa kichwa. Akello alimbeba mtoto wake akaondoka bila kula.

Miaka ikapita. Mikono ya Joram ikaanza kutetemeka, kwanza akishika kikombe, kisha akishika nyundo. Akawa anapiga kidole badala ya msumari, na akitembea ufukweni anapepesuka, mpaka vijana wakamuuliza ni baa gani hiyo inayofunguliwa mapema hivyo. Yeye jibu alikuwa nalo tayari. Alisema chira ya Akello sasa imemfikia hata yeye.

Kwa hiyo Akello alipopiga simu kusema daktari wa Byron anaomba damu ya babu, Joram alivaa koti la kanisani akaenda mjini Kisumu kama shahidi wa upande wa mashtaka.

Majibu yalipotoka, yule daktari, mama mmoja mtulivu aitwaye Rehma, alimketisha karibu.

"Mzee, ile pamba nyinyi mnaweka katikati ya mbao ndio maji isiingie, uko nayo?"

Joram alikuwa nayo mfukoni. Rehma aliuchukua uzi wake akausokota, akazidi kuusokota, mpaka ukajikunja wenyewe na kufanya kitanzi.

"DNA ni nyuzi mbili zimesokotwa pamoja. Saa zingine, mahali fulani, uzi moja inaachana na mwenzake inajikunja yenyewe hivi. Hiyo peke yake si ugonjwa. Mwili inatumia hiyo mikunjo kuambia jeni ifanye kazi ama inyamaze. Sasa kuna mahali maneno ya DNA yanarudiwa. Kwa watu wengi ni kidogo. Kwako ni mingi. Kwa Byron imepita kiasi kabisa."

"Ikipita kiasi inakuwa nini?"

"Uzi inajikunja vibaya. Hata RNA, ile nakala jeni inatoa ikifanya kazi, inanata hapo hapo kwa DNA. Tunafikiri ndio maana mwili inafunga hiyo jeni kabisa. Na hiyo jeni ndiyo inasaidia ubongo ya mtoto kujifunza."

Joram akauliza lile lililomleta. "Na hiyo si ni kwa sababu Akello alizalia kwangu?"

"Hapana, Mzee. Akello alizaliwa nayo. Iko kwa kromosomu yenye baba anapatia kila binti yake. Imetoka kwako, ikaongezeka ikitoka kwake kwenda kwa Byron. Angezalia Asembo, angezalia hata Nairobi, ni Byron yule yule."

Joram alificha mikono chini ya meza. Rehma aliiona.

"Hata hiyo kutetemeka inatoka hapo hapo. Kwako jeni haijafungwa. Inatoa nakala mingi sana, na kila nakala iko na ule mkunjo. Zinajazana ndani ya ubongo, zinashika vitu zingine zenye zilikuwa na kazi. Umri ikisonga, mikono inaanza."

Joram aliondoka pale akiona kama kila mtu barabarani anajua siri yake. Jioni Akello akapiga simu.

"Baba, daktari amesema nini?"

"Bado hawajaleta majibu, nyara," akasema. Nyara ni binti yangu, neno ambalo hakuwa amemwita tangu siku ile ya hema.

Alidanganya, na simu ilipolia tena wiki iliyofuata akadanganya tena. Kilichomuuma si damu, maana damu hakuichagua. Kilichomuuma ni mdomo wake. Alimwona Akello akiwa na tumbo lake kubwa, akimgeuza mamake kitandani, na yeye Joram akiwa amekaa sebuleni akingoja chai. Aliona haya hadi akaacha kwenda kanisani.

Ndipo mvuvi mmoja akarudisha mashua iliyokuwa ikivuja. Joram alifungua mdomo kumuuliza aliigongesha wapi, lakini maneno yaliyotoka yakawa mengine. "Ni mkono wangu," akasema. "Sikuziba vizuri." Mvuvi alishangaa hata akasahau kukasirika. Joram aliweka nyundo chini, akaenda kuita ukoo.

Wakaja wale wale, wakakaa chini ya hema. Akello alifika na Byron, akasimama nje ya lango, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameliondoa lile neno la kumfukuza. Joram alikwenda mwenyewe akipepesuka, akamshika mkono, akamwingiza.

"Niliwaambia Akello alileta chira hapa," akasema. "Haikuwa kweli. Ugonjwa ya Byron imetoka kwa damu yangu, na hii mikono ndiyo ushahidi. Akello hakuharibu kitu. Alikuja kuuguza mamake, na mimi nikamfukuza."

Alingoja matusi. Kwa kweli aliyataka.

Odongo aliinuka akamshika bega. "Pole sana, ndugu yangu. Hiyo ni damu, na hakuna mtu anachagua damu. Usijilaumu." Vichwa vyote vikaitikia. Mama mmoja akasema kila familia ina yake, mwingine akaomba dua fupi, na vikombe vikaanza kuzunguka. Ikawa imekwisha.

Joram alimtazama binti yake. Akello alikuwa akimpulizia Byron chai.

"Baba, wamekusamehe hata kabla chai haijapoa," akasema kwa sauti ya chini.

Joram aliinua kikombe, chai ikamwagika mezani na juu ya suruali yake. Akello alivuta leso yake akampangusa polepole, kama alivyokuwa akimpangusa mamake.