Milango ya Kabati la Mwali

Ua wa nyumba yetu pale Mwanza ulikuwa na kuta tatu tu. Upande wa nne ulikuwa jiwe, lile jiwe kubwa lililokuwepo kabla ya mji, na babu alipojenga aliona hakuna haja ya kupoteza tofali. Mchana jiwe lilikunywa jua, jioni likaturudishia joto lote. Nilikaa mbele yake kwa miezi mingi baada ya kuposwa, maana kwetu mwali haonekani barabarani. Nililichukia jiwe lile kuliko nilivyowahi kumchukia mtu.

Mchumba wangu alikuwa bwana shamba katika kijiji cha ujamaa ng'ambo ya Kigongo. Nilikuwa nimemwona mara moja, kwa pembeni, akila pilau sebuleni kwetu, na nilichokumbuka zaidi ni kwamba alitafuna polepole. Harusi ingefungwa nyumba yake ikishaezekwa, na mabati miaka ile hayakuonekana, kama ambavyo sabuni haikuonekana, wala sukari. Wasichana wengine husubiri mapenzi. Mimi nilifungiwa ndani nikisubiri mabati.

Baba alikuwa seremala, na karakana yake ilikuwa humo humo uani, chini ya kibanda kilichoegemezwa kwenye jiwe. Hakuwa na mtoto wa kiume. Msaidizi wake, mzee mwenzake, alikuwa amehamishiwa kijijini pamoja na familia yake, kwa hiyo mimi ndiye niliyeshika upande wa pili wa msumeno. Mwali haruhusiwi kwenda sokoni, lakini kumbe kuranda mbao anaruhusiwa, ilimradi geti limefungwa. Nilimwambia mama hivyo, akanikata jicho.

Kazi kubwa ya baba wakati huo ilikuwa kitanda changu na kabati langu, zawadi yake kwangu ya kwenda nayo. Alikuwa na kipimo kimoja cha kazi nzuri. Alishika kona ya meza au kiti akakitikisa kwa nguvu, na kisipotoa sauti alisema, "Hiki kimetulia." Kitu kilichotulia ndicho kilichokuwa kitu. Nadhani na mabinti aliwapima hivyo hivyo.

Kisha likaja gitaa. Vijana wa kwaya ya Kilutheri walilileta likiwa limevunjika shingo, baba akalipaka gundi, akalibana, akaliacha mezani likauke. Alipokwenda kuswali adhuhuri, nilisogea nikagusa uzi mmoja uliosalia. Sauti ikatoka, ikajaa uani, ikapanda juu ya jiwe ikaenda zake. Nilisimama pale na kidole changu hewani, nikaona wivu. Nilionea wivu sauti.

Baba aliporudi nilimwambia nataka kutengeneza la kwangu. Alicheka.

"Utalipeleka wapi?"

"Kwa mume wangu," nikasema, maana hilo lilikuwa jibu lisilopingwa.

"Tengeneza. Lakini kwa vipande vya kutupa, na kabati lisichelewe."

Sikumwambia ukweli wote. Nilikuwa nimeshika randa tangu nikiwa na kimo cha meza, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniita fundi. Nilikuwa "binti anayemsaidia baba". Nilitaka, kabla sijavushwa upande wa pili wa ziwa, niache nyuma kitu kimoja ambacho mtu angekitazama akasema kwamba hiki kimetengenezwa na fundi.

Baba alikuwa na desturi ya mafundi wote wa mbao, ya kuandika vipimo kwa penseli kwenye ule upande wa ubao usioonekana. Karatasi hupotea, alisema, ubao haupotei. Nami nikaandika. Ubao mkubwa uliokuwa karibu nami ulikuwa milango miwili ya kabati langu, imelazwa kwenye viegemeo, upande wa ndani ukitazama juu. Baba aliona, akasema atayafuta kwa msasa mwishoni. Msasa nao ulikuwa haupatikani.

Mlango wa kushoto nilichora gitaa la kwaya, mbele na ubavuni, na vipimo vyake vyote. Mlango wa kulia niliandika kazi yenyewe jinsi ilivyokwenda. "Mbavu: mninga mwembamba, loweka pipani mpaka ulegee, kunja juu ya bomba lenye makaa ndani. Usiharakishe. Wa kwanza umevunjika, niliharakisha." "Shingo: mninga wa mguu wa kitanda uliopasuka." "Vigingi vya kukazia nyuzi: mti wa mpera." "Vile vyuma vya shingoni: spoku za baiskeli." "Nyuzi nyembamba: mshipi wa kuvulia samaki. Nene: waya wa breki, fumua." Mshipi na waya aliniletea mama, aliyedhani mshipi ni wa kuanikia nguo.

Ubao wa mbele nilioutoa kwenye sanduku la mashine lililotoka kiwandani Nyakato ndio ulioniponza. Kwenye lile gitaa la kwaya nilichungulia ukingo wa tundu, nikaona ubao ni mwembamba sana, kama kifuniko cha sanduku la chaki. Sikuamini. Najua meza zinavyotengenezwa. Fundi akitaka meza nene ionekane nyepesi, hukwangua ukingo kwa chini, na mteja anadhani ubao wote ni mwembamba. Nikasema hawa Wazungu nao wamefanya ujanja ule ule. Nikaacha ubao wangu mnene, wa kuheshimika, nikakwangua ukingo wa tundu peke yake, kwa urembo. Na nikaandika mlangoni: "Ubao wa mbele: mnene wa kutosha. Ukingo kwangua."

Nilipolifunga nyuzi, baba alilishika shingo akalitikisa kwa nguvu zake zote. Halikutoa sauti yoyote. "Limetulia," akasema, na kwa mara ya kwanza nikaona ameridhika. Kisha nikapiga nyuzi. Halikutoa sauti hapo pia. Lilisema *tup, tup*, basi.

"Mama," akaniambia, maana ndivyo alivyoniita akiwa na furaha, "umetengeneza kabati lenye shingo."

Alicheka mpaka akafuta macho. Sikucheka. Kwa siku kadhaa nililiangalia lile gitaa limetundikwa kwenye msumari na nikajiona mimi mwenyewe, nimekazwa kila kiungo, nimetulia, sisemi. Habari ikaja kwamba mabati yamepatikana. Wakwe walikuwa wanakuja kukagua vyombo, na baba aliunga kabati akalihamishia sebuleni.

Asubuhi ya siku ya ukaguzi, baba alipotoka kupeleka meza Igoma, nilibamiza mlango wa kabati lile. Nilikuwa na hasira na nilitaka kubamiza kitu changu mwenyewe. Mlango ulitulia mara moja, lakini mgongo wa kabati ukaendelea kuvuma. Niliufungua nikaubamiza tena. Ukavuma tena, ubao ule wa nyuma ambao baba huuweka mwembamba kwa sababu unatazama ukuta na hakuna wa kuusifia.

Nilikimbilia uani. Niliutoa ubao wa mbele wa gitaa kwa kitambaa cha maji ya moto na kisu, gundi ikalegea taratibu. Nikaupiga randa, nikaukwangua kwa kipande cha chupa, nikiugonga kwa kifundo cha kidole kila mara. Kwanza uliitika kama mlango. Niliendelea. Nilipoona unanepa kwenye dole gumba niliogopa, maana kila nilichofundishwa kilisema naharibu, lakini nikakwangua tena kidogo, na ubao ukalia.

Gundi ilipokauka nililifunga nyuzi upya. Sikujua kupiga. Nilijua nyimbo za redio, nikazitafuta kwa kidole kimoja kimoja. Mama alitoka jikoni na ungo mkononi, akasimama. "Kumbe linalia," akasema. Alikaa kwenye kizingiti, mchele umesahaulika, akasikiliza mpaka adhana ya alasiri.

Nilitaka kwenda kusahihisha maandishi yangu mlangoni. Lakini baba alisharudi na wakwe walishafika, na mwali haingii sebuleni penye wakwe.

Shangazi wa mchumba alifungua kabati. Nilikuwa nyuma ya pazia na nilisikia bawaba. Alisoma kwa sauti, polepole, hadi kwenye mguu wa kitanda uliopasuka.

"Nani kaandika haya?"

"Binti," akasema baba.

"Sisi tumeposa mwali. Hatukuposa fundi." Halafu akaongeza kwamba gitaa ni mambo ya baa, lisije nyumbani kwao, na milango ibadilishwe.

Nilimsubiri baba aseme neno. Alisema, "Itabadilishwa." Basi. Angeweza kuyapiga randa maandishi yale, kazi ya dakika chache. Badala yake alichonga milango mipya, na mimi niliona kwamba ameyaonea aibu mpaka hataki hata ubao ulioyabeba. Niliondoka nyumbani nikiwa sijamwangalia usoni. Gitaa nilikuwa nimelishona ndani ya godoro la sufi, na pale Kigongo, pantoni ilipong'oa nanga, nilikaa juu ya godoro hilo na kulia, watu wakidhani namlilia mama.

Kijijini nyumba zilipangwa mstari, ukikohoa jirani anakujibu. Mume wangu hakuwa mtu mbaya. Alilikuta gitaa, akaligeuzageuza, akasema tu, "Majirani wasisikie." Kwa hiyo nilijaza khanga kwenye tundu lake, nikapiga mchana akiwa shambani. *Tup, tup*. Nilikuwa nimelifundisha kulia, sasa nalinyamazisha kwa mkono wangu. Kutoka pale hadi mjini kulihitaji barua ya mwenyekiti wa kijiji, na mwenyekiti alikuwa mjomba wa mume wangu.

Nilipata barua mwaka ambao mama aliugua miguu. Nilifika Mwanza peke yangu, nikamsalimu mama, kisha nikatoka uani kwa sababu nilisikia randa.

Jiwe lilikuwa pale pale. Milango yangu miwili ilikuwa imepigiliwa misumari kwenye ukuta wa karakana, bega kwa bega, maandishi nje. Penseli ilikuwa imefifia, na mtu alikuwa ameipitia upya, herufi kwa herufi, bila kurekebisha hata makosa yangu. Chini yake, kwenye misumari, yalining'inia magitaa. Mengine yalikuwa mazuri kuliko langu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama." Alikuwa amezeeka. Aliweka randa chini akajifuta mikono. Hatukuwa na mazoea ya kuulizana mambo, na nilidhani ataniuliza habari za pantoni. Alichukua gitaa moja akanipa kwa mikono miwili.

"Mama yako aliniambia lako lililia," akasema. "Nimefuata kila kitu ulichoandika. Haya yangu hayalii. Ulifanyaje?"

Nililipiga. *Tup*. Niliugonga ubao wa mbele, mnene, wa kuheshimika. Mwanamume yule alikuwa ametengeneza magitaa bubu miaka yote, moja baada ya jingine, kwa sababu mimi niliandika hivyo. Hasira niliyovuka nayo ziwa sikuikuta tena nilipoitafuta.

"Ubao, baba. Umetulia mno. Lazima utetemeke."

Aliutazama ubao, kisha akanitazama mimi. Akachomoa penseli nyuma ya sikio akanipa, akaniashiria mlangoni, pale palipoandikwa "mnene wa kutosha". Nikapafuta kwa mate na kidole, nikaandika upya.

Barua ya mwenyekiti ilinipa ruhusa mpaka Ijumaa, na nilimwambia hivyo, na kwamba magitaa haya yote hatuyamalizi. Baba alikuwa ameshaweka kitambaa kwenye maji ya moto. Aliita kuelekea dirishani kwa mama, bila kugeuka.

"Kuna mtu anayevuka kesho? Awaambie wakwe wa mwanao kwamba fundi ana kazi, hajamaliza."

Nikajifunga khanga kiunoni, nikashika kisu.