Tuyau ya Bleu ya Kakule

Siku yangu ya kwanza ya kazi, patron alinipa kitambaa ya pamba, essence kidogo, ile petroli, ndani ya kopo, na amri moja: «Masika, tuyau ya mupya hapana kugusa na mukono!» Tuyau ni ile bomba ya kupitisha moshi ya moteur. Nilikuwa musichana bado, nikafikiri yule muzee anapenda tu kupiga kelele. Wakati ile, pikipiki zilikuwa zinafika Butembo ndani ya makasha, bipande bipande, chrome yote imepakwa mafuta ya kuzuia kutu. Kazi yangu ilikuwa kuondosha ile mafuta mbele batu bawashe pikipiki mara ya kwanza.

Monteur, ule wa kuunganisha bipande, hakuwa na masikio. Alikamata tuyau na mikono yake ya mafuta, akawasha. Weee! Bidole byake byote bilitokea pale juu ya chrome, rangi ya kahawia, na hatukuweza kubitosha tena. Patron alichuchumaa karibu yangu, akanionyesha. «Mafuta ya mukono ikiungua pale, inabakia. Chrome ni ngozi tu, mwembamba kupita ya kitunguu. Chini yake ni chuma. Uihurumie, mwanangu.» Kuhurumia tuyau! Jioni nilichekesha ndugu zangu na ile neno. Mais kesho yake nilifanya vile alisema, na nikaanza kupenda kazi.

Kisha patron alinituma ku atelier yake ya kutengenezea pikipiki, ku Beni. Kule joto si ya kucheza, siyo kama kwetu huku juu. Chef d'atelier alikuwa mutu wa maneno kidogo, na ni yeye alinifundisha kusoma rangi. Chrome ikipata joto ya kupita kipimo, inajitengenezea juu yake ngozi ingine, mwembamba kabisa, na mwangaza ikigonga pale unaona rangi: kwanza jaune ya majani makavu, nyuma kahawia, nyuma violet, mwisho bleu, rangi ya mbingu. Joto ikipanda, rangi inasonga.

Sasa joto inatoka wapi? Batu balikuwa banaleta pikipiki wakiomba tupunguze gicleur, kale ka tundu ka kupitisha essence ndani ya carburateur, ili essence idumu. Chef alikuwa anakasirika mpaka mishipa ya shingo inasimama. «Unapunguza essence, unaongeza joto! Pikipiki yako iko na homa, na ni wewe uliipa!» Wengine walikuwa wanatoka ku mulima, tuyau inawaka, banaimwangia maji baridi ya mutoni. Chrome inapasuka, mipasuko haionekane na macho, kutu inaingia chini. Bale ndio nilikuwa nabagombeza mimi mwenyewe, na sikuwa na huruma.

Nilipopata nguvu yangu, nilirudia Butembo, nikafungua atelier yangu upande wa Rughenda. Batu balisema: mwanamuke ku pikipiki? Basi, balicheka, nyuma balikuja, na balipanga mustari.

Ni pale Papa Katembo alinikutia. Mulimaji wa Masereka, kofia mukononi, viatu bimejaa udongo. Alikuwa ametembea na miguu toka kwake.

«Mama Masika, kijana Kakule, ule taximan, analetaka pikipiki yake hapa?»

«Ee, Papa. Karibu, ukae.»

Hakukaa. «Anaomba binti yangu Kavira. Mais tuyau yake imekuwa bleu. Kule kwetu banasema bleu ni ya mutu mwenye kukimbiza. Ni kweli?»

Kwetu, mbele ya kutoa binti, familia inauliza juu ya kijana: kwa majirani, kwa batu ba kanisa. Mais kuuliza mécanicienne! Nilitaka kucheka. Nyuma akasema, pole pole: «Mutoto wangu Paluku, taximan moja alimubeba, akakimbiza ku kona. Tulimuzika. Toka ile siku mimi sipandake pikipiki. Kavira anamupenda huyu kijana, nayo naona. Mais sitazika mwingine, Mama.»

Kicheko ikanikauka kinywani. Nilituma batu baite Kakule. Alipofika nilikagua: gicleur ya sawa, joint ya tuyau imefunga vizuri, hakuna hewa inaingia. Na bleu ilikuwa pale, toka shingo mpaka kona.

«Kakule, unabebaka nini?»

«Biazi bya Masereka, Mama. Magunia. Ku mulima napandaka na vitesse ya kwanza, pole pole.»

Nikamugeukia muzee. «Papa, upepo ndio unapozaka tuyau. Pikipiki ikipanda pole pole na muzigo, moteur inateseka, na upepo hakuna. Donc tuyau inakuwa bleu. Kukimbiza kunaweza kuileta, polepole pia inaileta.»

«Sasa huyu ni wa gani?»

Batoto bangu, nilikuwa napenda Kakule kama mwana wangu. Neno moja tu ya mudomo wangu, na ndoa ingefungwa. Mais nikikosea? Niliogopa kabisa. «Papa, tuyau inasema joto tu. Mutu mwenyewe haimuseme. Hapana kunilazimisha nidanganye. Kama unataka kumujua, panda.»

Muzee alirudia nyuma hatua moja. Kakule aliinamisha kichwa. «Papa, ukisema nisimame, nitasimama. Hata mara mia.»

Muzee alipanda. Alishika chuma ya kiti, hakushika kijana. Bakaenda. Mbele ya kupotea ku kona, niliona bamesimama mara tatu, na nililia pale ku mulango, mimi mwanamuke wa ufunguo ya bolti na mafuta.

Leo nimeacha atelier, magoti imekataa. Bale nilibafundisha bananipitiaka nyuma ya kanisa, banataka nibaambie juu ya moteur kubwa na mapatron ba zamani. Mimi nabaambiaka vile Papa Katembo alirudia.

Ilikuwa siku ya soko, na wiki ile nilikuwa nimemuwekea Kakule tuyau ya mupya. Nikasikia pikipiki inasimama inje, moteur inanguruma, haizimike. Inakaa, inakaa. Kusimama vile, bila upepo hata kidogo, hakuna kitu inaunguza tuyau kupita ile! Nikatoka na hasira, ufunguo mukononi.

«Kakule! Zima! Unataka kuniharibia tuyau ya mu...»

Aliweka kidole ku mudomo.

Nyuma yake Papa Katembo alikuwa amelala, shavu ku mabega ya kijana, kinywa wazi. Kakule alikuwa amemufunga ku mugongo na kitenge ya Kavira, ile ya maua, vile mama anafungaka mutoto.

«Usingizi ilimushika ku mulima,» akanong'oneza. «Nikasimama, nikamufunga. Mbele ya kulala alikuwa amenikataza kumurudisha nyumbani, anasema leo anakuja kukuambia tarehe ya ndoa. Mama, nikizima, kimya itamuamusha.»

Niliangalia tuyau. Kahawia ilikuwa inaingia violet, pale pale mbele ya macho yangu. Niliangalia muzee.

Nikavuta kiti, nikakaa karibu yao, tukaiacha iungue.